Naomba ushauri: maelezo ya mchoro wa Havdala

Habari za leo wakubwa zangu. Natafsiri maelezo ya mchoro wa Moritz Daniel Oppenheim, Myahudi wa Ujerumani (1800–1882), unaoonyesha familia ikiiaga Sabato. Nimekwama kwenye vifaa vya Havdala, ile ibada ya Kiyahudi ya kuiaga Sabato. Mshumaa wa nyuzi zilizosukwa kama nywele, kikombe cha divai, sawa. Lakini kile kikasha cha kunusia viungo, mara nyingi cha fedha chenye umbo la mnara, ndani karafuu (karafuu zetu hizi hizi!), nilikiita "chombo cha manukato", msomaji akadhani chetezo. Hapa hakichomwi kitu.

Je, "kijaluba cha viungo" kinafaa? Na Havdala, yaani kutenganisha, niiache hivyo au niandike "Kuaga Sabato"?