Mjadala: Programu za serikali ziwekewe kikomo cha ugumu wa msimbo?

Mleta mada, Kampala:
Wanaprogramu wenzangu, naomba tulijadili hili. Zabuni yoyote ya programu inayolipiwa na mwananchi wa Uganda iwe na sharti: fanksheni (kipande cha msimbo, yaani maagizo ya programu, chenye kazi yake) yenye ugumu unaozidi 10 irudishwe kwa mkandarasi. Kipimo kipo tangu 1976, alikitoa Thomas McCabe. Unahesabu kila sharti la "kama" na kila kitanzi (maagizo yanayorudiwa), unaongeza moja. Hiyo 10 aliipendekeza yeye mwenyewe.

Sheria zetu hubadilika ghafla, na programu lazima ibadilishwe nazo. Julai 2018 kodi ya pesa za simu ilianza kwa asilimia 1. Kabla mwaka haujaisha ikashushwa hadi 0.5, tena kwenye kutoa pesa tu. Ukikuta hesabu kama hiyo imezikwa ndani ya masharti matano, na aliyeiandika ameshahama kazi, utaanzia wapi?

Mchangiaji, Mbale:
Napinga. Fanksheni inayogeuza namba ya mwezi kuwa jina ina matawi 12. McCabe anaipa 13, na mtoto wa shule anaielewa! Ukiweka sharti hilo, mkandarasi atakatakata fanksheni ovyo, namba itashuka, na msomaji atahangaika kuruka faili hadi faili.

Mleta mada:
Kwa miezi umenishinda, ndugu yangu. Basi tuchukue kipimo cha SonarSource, kampuni ya zana za kukagua msimbo: orodha nzima ya miezi inahesabiwa moja, lakini sharti likikaa ndani ya jingine linatozwa zaidi. Tazama: kama akaunti ipo, ndani yake kama iko hai, ndani yake kama salio linatosha, toa pesa. Hapo ni 1+2+3, yaani 6. Sasa anza kwa kukataa: haipo, rudi (fanksheni iishie hapo), imefungwa, rudi, salio halitoshi, rudi, kisha toa pesa. Imekuwa 3. McCabe anazipa zote mbili 4, ilhali macho yanaona tofauti. Na hakuna kilichokatwakatwa.

Mchangiaji, Gulu:
Nani atapima? Mkandarasi akijipima mwenyewe, hamna kitu.

Mleta mada:
Apime mnunuzi, siku ya kupokea kazi, kabla malipo ya mwisho hayajatoka. Zana za bure zipo. Fanksheni iliyopita kikomo isomwe na mwanaprogramu ambaye hakuiandika. Akishindwa kuieleza, irudi.

Mchangiaji, Mbale:
Akisoma mtu, naunga mkono. Namba peke yake isimnyime mtu malipo.