Kuvuta boti kwa trela Malindi mpaka Mokowe na kusi hili, kuna mwenye uzoefu?

Nahodha_Mdogo (Malindi)

Salaam aleikum wajameni. Nna swali na naomba mnijibu bila kunicheka sana.

Nimenunua boti ya faiba ya mkono wa pili, futi 23, ilikuwa ikipakia watalii huko Mtwapa, imekuja na trela lake na injini mbili za farasi 40 zimefungwa nyuma. Ijumaa usiku ilinyesha ile mvua ya mchoo, Jumamosi asubuhi mie na shemeji tukaenda kuichukua na pikapu yangu. Kutoka Mtwapa sawa tu, twapiga soga, hata nikasahau kama nna kitu nyuma. Kufika juu ya daraja la Kilifi ule upepo ukatushika ubavuni nikahisi kama mtu amenikamata shati kwa nyuma. Nikapunguza, tukavuka, nikasema alhamdulillah yamekwisha.

Hayakwisha. Tumepita Gede niko kwenye 90 hivi, basi likanipita kwa kasi, trela likaanza kutikisa mkia, kwanza kidogo, halafu kila likirudi linarudi kwa nguvu zaidi, nikaona kwenye kioo cha kulia boti yote, halafu kwenye kioo cha kushoto boti yote. Nikakanyaga breki. Hapo ndo likawa baya zaidi manake nyuma ya pikapu nayo ikaanza kufuata. Shemeji alikuwa ashaanza kupiga shahada kwa sauti. Tukasimama nje ya lami tumeelekea tulikotoka, sijui hata tuligeuka vipi, na mwenyewe sikuumia wala boti haikuumia.

Sasa wiki ijayo natakiwa niifikishe Mokowe, kazi iko Lamu. Fundi mmoja aniambia nibadilishe shokamzoba. Mwengine ati pikapu ni ndogo. Shemeji asema ningoje kusi liishe, yaani nikae mpaka mwezi wa kumi na deni la watu? Ni upepo, ni gari, ama ni mimi?

BintiMambrui

Pole sana kakangu. Babangu alikuwa dereva wa lori la chumvi miaka mingi kwa hivyo haya tumelelewa nayo. Ukishavuka daraja la Sabaki ukapita Mambrui, kuanzia Gongoni, Marereni mpaka Kurawa ni mashamba ya chumvi, hakuna mti wala nyumba ya kukukinga, na wewe wapanda kaskazini kwa hivyo kusi litakupiga kutoka kulia kwa nyuma. Baba alikuwa akitoka alfajiri na umande, hata chai anakunywa mbele. Kusi huamka na jua, ikifika saa tano sita mchana ndo limekasirika. Ukiona mchanga unavuka barabara ama minazi imelala upande mmoja usibishane, egesha.

Na lile turubai la kivuli la watalii, kama bado liko juu ya boti na fito zake, livue. Hilo ni tanga.

Kichwa_Ngumu001

Mi nashauri mizigo yote iweke nyuma ya trela, matangi ya mafuta, nanga, kila kitu, ili pikapu isilemewe mbele. Gari likiwa jepesi halisumbuki na upepo. Nimevuta ngalawa hivo Watamu mara nyingi tu.

Fundi_wa_Maweni

@Kichwa_Ngumu001 tafadhali shekhe, huo ushauri utamzika mtu. Ngalawa ni kilo ngapi na ulikuwa waenda spidi gani, ya baiskeli?

@Nahodha hebu nikwambie, na usome taratibu. Shokamzoba hazina kosa. Trela lina miguu miwili tu katikati kwa hivyo ni kama mzani wa dukani, ukiweka uzito nyuma mbele kunapanda. Ukiweka kidogo mbele ile shingo inalalia boli ya pikapu (lile tufe la chuma linaloshika trela) vizuri, na trela linafuata kama ng'ombe aliyefungwa kamba puani. Uzito unaolalia boli uwe kama asilimia 10 mpaka 15 ya uzito wote wa trela na boti. Trela la kilo 1,000 basi mbele palale kilo 100 mpaka 150. Ikiwa ni kilo 30 ama 40 basi ile ni pendulamu tu, haihitaji hata kusi, basi likipita linatosha. Wewe una injini mbili nyuma kabisa, kila moja yapita kilo 70, unategemea nini?

Jaribu hivi. Egesha mahali sawa, weka kigingi kwenye taya (tairi), vua trela kwenye boli na ulinyanyue pale mbele kwa mkono. Ukiweza kulinyanyua kwa mkono mmoja kama ndoo ya maji, umepata jibu lako.

Halafu boli yenyewe. Hapa Pwani kuna boli za milimita 50 na kuna zile ndogo za zamani karibu 47, kwa macho huwezi kuzitofautisha. Kikombe cha trela cha 50 kikikaa juu ya boli ya 47 kinafunga vizuri, kinasema klak, unafurahi, halafu kwenye tuta la kwanza kubwa kinaruka. Pima kwa kalipa. Na cheni ziwe mbili, zipite chini ya shingo zikiwa zimepishana msalaba, ili kikiruka shingo iangukie juu ya cheni isijichome kwenye lami.

Kuhusu breki ulizokanyaga: kila mtu hukanyaga, ni mguu sio akili. Trela likianza kucheza, toa mguu kwenye mafuta, shika steringi iwe moja kwa moja na usijaribu kulifukuza kushoto kulia, liache lipunguze lenyewe. Ukikanyaga breki pikapu inapunguza na trela linakuja bado, litaenda wapi sasa, litakusukuma ubavuni. Kama trela lina breki zake za umeme unaziminya hizo peke yake, linakuvuta kutoka nyuma linanyooka. La kwako najua halina.

Na spidi. 90 na boti? Ile hewa unayoipiga ukienda 100 ni mara mbili ya ile ya 70, sio zaidi kidogo, mara mbili. Kila trela lina spidi yake ambayo likiivuka mtikisiko haufi tena unakua. Kaa 65, 70, wacha mabasi yapige honi.

Mwamu_wa_Langoni

Haya yakhe, sisi watu wa Amu tunajua kuvuta punda tu, lakini ndia hiyo naipita kila mwezi. Upepo hukuacha Garsen. Ukipinda Minjila kuelekea Gamba na Witu kuna miti na vichaka, kusi halikusumbui sana. Huko habari ni mai. Hata kama hapo Malindi kumekauka, Tana ikifurika kutoka bara huko Garsen na Gamba mai huvuka ndia, mwezi wa 11 mwaka 2023 ndia ilikatika abiria wakalala huko. Mwezi wa saba si kawaida lakini uliza kabla hujatoka, wapigie watu wa magari.

Na jambo moya watu hawalifikirii: boti huelea! Gari tupu lenyewe mai ya magoti yaweza kulisukuma, seuze wewe una boti nyuma iko juu ya trela, mai yakifika tumboni mwake itataka kuelea na trela lake, ikishaelea mkondo unaivuta na inakuvuta na wewe. Mai yakienda hata futi moya usipite. Rudi ule mkate wa mofa ungoje.

Kupima ule uzito wa mbele mbona rahisi, nenda bandarini na asubuhi, wakimaliza kupima papa na nguru waombe ile mizani ya jukwaa.

Bwana_Baridi (zamani Shela ya Malindi, sasa Marekani)

Nimecheka shahada ya shemeji manake nimeipiga mie mwenyewe, Wyoming, barabara ya I-80 kati ya Laramie na Rawlins. Mie ni dereva wa lori na kiangazi cha huku navuta karavani ya familia, yaani nyumba ya vitanda na jiko inayovutwa na pikapu. Mwaka mmoja nikajidai nikaivuta mwezi wa pili.

Karavani ni tanga usiloweza kulitua. Urefu wake futi zaidi ya 20, kimo kama mlango na nusu, na ndani nyepesi. Kule I-80 upepo ukizidi wanaifunga barabara kwa matrela mepesi marefu peke yake, wenye malori mazito wanapita, wewe na tanga lako ungoje. Mwanzo nilidhani ni ubaguzi. Nilipoona moja limelala ubavu kwenye theluji, mito na godoro zimetapakaa, nikaelewa.

Baridi nayo ina yake. Kuna barafu haionekani, imekaa juu ya lami wazi kama kioo, wewe waona lami imelowa tu. Darajani ndo huganda kwanza kwa sababu baridi inapita juu na chini yake, ardhi haipo ya kuipasha moto. Kwa hivyo daraja la Kilifi lako na madaraja yangu ni ndugu, lako upepo, langu upepo na barafu. Juu ya barafu breki za pikapu zikishika na trela lisishike linakuja kukukunja ubavuni, ndo maana huku mtu mwenye akili anapunguza kabla ya kufika darajani halafu juu yake hagusi kitu, wala breki wala mafuta. Taya nazo zikipoa presha inashuka, kama psi 1 kwa kila nyuzi 5 au 6 za joto, ulizijaza gereji penye joto asubuhi barabarani ziko laini, na taya laini ya trela inacheza. Kwako ni kinyume, lakini jaza asubuhi taya zikiwa baridi, usijaze mchana kwenye lami ya Marereni ukadanganyika.

Jambo la mwisho, huku barabara wanazimwagia chumvi iyeyushe barafu, kwa hivyo trela la Wyoming linaoza chini sawasawa na trela linaloingizwa bahari ya Hindi. Angalia springi, nyaya za taa na bolti za shingo. Chukua nyundo ndogo ugonge. Pakilia puf badala ya ting, pameoza.

Swali: ulisema usiku wake ilinyesha. Turubai lilikuwa limefunika boti ama lilikuwa limebonyea?

Nahodha_Mdogo (Malindi)

@Bwana_Baridi wallahi wewe ni mchawi.

Jana nikaenda kuangalia. Kwanza nikafanya ile ya fundi, nikavua kwenye boli nikanyanyua kwa mkono mmoja. Mkono mmoja! Na mie si mtu wa mazoezi. Nikapanda ndani ya boti, nikafungua lile bao la sakafuni karibu na injini, nikaona mai kama anavyosema Mwamu, meusi, yana majani na ndala moja ya mtoto. Nguruzi, kile kizibo cha tundu la chini, ilikuwa imekazwa tangu Mtwapa. Nikaichomoa, yakatoka kama mfereji, tukakaa na shemeji kuyaangalia, nimetafuna muhogo mzima hayajaisha. Sijui lita ngapi lakini kila lita ni kilo, na kila nikiongeza mafuta yale maji yote yalikuwa yakikimbilia nyuma, nikipiga breki yarudi mbele. Nilikuwa navuta bahari.

Leo asubuhi tukaenda na mizani ya samaki. Maji yashatoka, injini ziko nyuma, mbele kilo 45. Tukazishusha injini zote mbili tukazilaza kitandani mwa pikapu juu ya magodoro ya zamani, nanga na matangi tukayasogeza mbele ya boti tukayafunga, tukapima tena: 120. Boli nimepima kwa kalipa ya jirani, ni 50, hiyo sawa. Turubai na fito nimevua, nikaona lile tako la boti halikufungwa na mkanda wowote, limekaa tu kwa heshima.

Kichwa_Ngumu001

Sawa nimekubali. Lakini ngalawa yangu haikuwahi kucheza.

Fundi_wa_Maweni

Ngalawa yako ina matengo mawili pembeni, hata barabarani haina pa kwenda 😂

Nahodha, 120 ni nzuri. Nguruzi iache wazi safari nzima, na uandike kwenye kikaratasi ubandike kwenye steringi NGURUZI, manake ukifika Mokowe na furaha utaishusha majini na tundu wazi. Na beringi za trela uzitie grisi mpya kabla. Kila ukisimama shika habu (pale katikati ya gurudumu) kwa mkono, ikiwa ya kukuunguza kuna beringi inalia. Ukifika usiziingize majini zikiwa moto, maji ya chumvi yanavutwa ndani kwa ile baridi ya ghafla.

Nahodha_Mdogo (Mokowe)

Tumefika salama. Tulitoka Malindi saa kumi na moja alfajiri, Gongoni tumepita jua linatoka na upepo ulikuwepo, nilihisi unasukuma lakini trela lilisukumwa mara moja tu likarudi, halikucheza. Spidi 65. Mabasi matatu yalinipita, moja likanipigia honi mpaka Marereni. Gamba kukavu. Saa tano tuko Mokowe.

Tatizo ni moja tu. Maji yalikuwa yamejaa vizuri kwa kushusha, na mie nikaenda kushika habu ya kushoto, moto. Nikangoja. Nikaenda kunywa kahawa, nikarudi, vuguvugu. Shemeji asema tushushe, nikamwambia fundi kasema zipoe. Zilipopoa maji yalikuwa yashatoa, trela liko kwenye matope na boti iko mbali na bahari kama dukani. Maji yanajaa tena usiku. Nimelala kwenye pikapu naandika hapa, shemeji amevuka Lamu peke yake na boti ya abiria.

Kikaratasi cha nguruzi bado kiko kwenye steringi.