Katika nyambizi, kinachoua zaidi ni maji ya nje au hewa ya ndani?

Mdadisi:
Ndugu zangu, siku zote nimeamini kwamba hatari kuu ya kuhudumu katika nyambizi ni uzito wa maji, yaani chombo kikizama zaidi ya kina kinachoweza kuhimili kinapondeka kama kopo. Hata hivyo, kila ninaposoma habari za ajali hizi, nakuta moto, gesi na betri vikitajwa mara nyingi. Je, ni kipi hasa kinachowaua mabaharia hao? Na maisha yao yakoje hata pale ambapo ajali haijatokea?

Fundi Mitambo:
Ndugu Mdadisi, maji hayana mzaha. Kila mita 10 za kina huongeza mgandamizo unaokaribia ule wa hewa yote iliyo juu yetu, na mwaka 1963 nyambizi ya Marekani USS Thresher iliposhindwa kupanda tena katika majaribio ya kuzama kina kirefu, watu wote 129 waliangamia. Lakini mara nyingi maji humalizia tu kazi iliyoanzia ndani.

Tazama Kursk ya Urusi, Agosti 2000. Topido moja (kombora la chini ya maji) ilivujisha haidrojeni peroksaidi, kemikali ya kuiendeshea, ikalipuka, na dakika mbili na ushee baadaye topido nyingine zikalipuka pia. Mabaharia 23 walionusurika walijikusanya katika chumba cha tisa, nyuma kabisa, ambako ofisa Dmitri Kolesnikov aliandika majina yao gizani, kwa kupapasa. Walikuwa na kemikali za kutengenezea oksijeni, ila kemikali hizo zikigusana na maji yenye mafuta huwaka ghafla, na ndivyo ilivyotokea: kitu kilichowekwa ili kuwapa pumzi ndicho kilichoila hewa yao. Watu wote 118 walikufa.

Betri nazo zina balaa lake, kwani maji ya chumvi yakizifikia hutoa klorini, gesi yenye sumu. Mwezi Aprili 1945 nyambizi ya Kijerumani U-1206 iliingiwa na maji kupitia choo (naam, choo!), klorini ikatanda, ikalazimika kuibuka juu ya maji, na huko ikashambuliwa na ndege.

Msomaji wa Historia:
Niongeze kuhusu maisha ya kila siku. Katika Vita Kuu ya Pili, kati ya Wajerumani wapatao 40,000 waliohudumu katika nyambizi, takriban 30,000 hawakurudi. Wale waliokuwa hai waliishi zaidi ya arobaini kwa vyoo viwili, na mara nyingi kimoja kilijazwa vyakula mwanzoni mwa safari. Vitanda vilikuwa vya kupokezana, kwa hiyo aliyetoka zamu alijilaza palepale ambapo mwenzake ameacha joto na jasho lake. Hewa ya ukaa ilipoongezeka, vichwa viliuma na akili zikawa nzito, hali ambayo ni ya hatari kwa mtu anayetakiwa kufungua valvu sahihi.

Nyambizi za nyuklia hutengeneza oksijeni kutokana na maji ya bahari, na kinachozirudisha bandarini ni kuisha kwa chakula. Mimi naona ugumu mkubwa wa maisha humo ni ukimya. Baharia wa Marekani aliyekuwa doria aliweza kupokea ujumbe mfupi kutoka nyumbani lakini hakuweza kuujibu, na habari ya msiba mara nyingi ilizuiwa mpaka safari iishe.

Mdadisi:
Nawashukuru sana. Je, wakikwama chini hakuna namna ya kuwaokoa?

Fundi Mitambo:
Ipo, mradi sakafu ya bahari iwe karibu. Tarehe 23 Mei 1939 nyambizi ya Marekani USS Squalus ilizama katika kina cha mita 74 hivi, na watu 33 wakatolewa kwa chumba cha chuma kilichoshushwa kwa kamba na kubanwa juu ya mlango wake. Nanggala ya Indonesia, iliyopotea mwaka 2021 ikiwa na watu 53, ilikutwa kwenye mita 838, kina ambacho hakikuacha wa kuokolewa.

Ila swali lako la awali linajibiwa vizuri zaidi na HMS Thetis ya Uingereza, iliyozama siku tisa tu baada ya Squalus. Ilikuwa na watu 103, karibu mara mbili ya kawaida yake, na mkia wake ulikuwa umechomoza juu ya maji ukionekana na waokoaji. Wanne walifanikiwa kutoka. Waliobaki 99 walikufa, wengi wao kwa hewa ya ukaa waliyoitoa wenyewe mapafuni.