Faini 30,000 ama miezi 12: hii ni haki?

Mama Riziki, Kilifi
Naomba msaada kwa anayejua sheria ya Kenya. Mdogo wangu alikiri kuiba mabati mawili ya jirani. Hakimu akampiga faini ya shilingi 30,000, asipolipa miezi 12. Hatukuwa nazo, akapandishwa gari la magereza. Sasa ana miezi miwili ndani. Mimi nauza viazi karai stendi, nimekusanya 14,000, ziko hapa kwenye pindo la leso. Watazipokea hivyo hivyo ama lazima zitimie? Na mwaka mzima kwa faini hiyo ndio sheria?

Karani Mstaafu
Pole sana, dada. Nimefanya kazi masijala ya mahakama, na jambo hili limeniuma miaka mingi. Mwaka umezidi. Kifungu cha 28 cha Kanuni ya Adhabu kimeweka kikomo pale ambapo sheria ya kosa lenyewe haikusema vingine, na wizi wa kawaida uko humo. Faini isiyozidi 500 ni siku 14, hadi 2,500 mwezi mmoja, hadi 15,000 miezi mitatu, hadi 50,000 miezi sita. Miezi 12 ni kwa faini iliyopita 50,000. Kwa hiyo mdogo wako kikomo chake ni miezi sita.

Kata rufaa? Siku 14 zimeshapita. Andika barua Mahakama Kuu uombe hukumu ipitiwe upya, uambatishe nakala ya hukumu na waranti ya kifungo. Barua ya mkono inatosha, nimeona zilizoandikwa kwa penseli zikifaulu.

Pesa pungufu zinapokewa, na siku hupunguzwa kwa kadiri ulicholipa. Tuseme miezi sita ni siku 180: hizo 14,000 zinaondoa siku 84. Ametumikia kama 60, zinabaki 36. Lakini waranti ikiwa bado inasema miezi 12, gereza litapiga hesabu kwa miezi 12. Risiti usiitoe mkononi kabla hujapiga nakala.

Mwanasheria wa Mtaani
Karani amesema kweli. Ila angalia mashtaka yalikuwa mangapi. Yakiwa mawili na kila moja lina faini yake, vifungo vya kukosa kulipa hufuatana, haviendi pamoja. Angalia pia kama ni faini *ama* kifungo, si faini *na* kifungo.

Babake Salim
Mimi nashangaa kwa nini hakupewa kifungo cha nje, afagie soko. Sheria ya huduma kwa jamii iko tangu 1998.

Mama Riziki, Kilifi
Nimeitoa waranti nikaisoma chini ya taa. Shtaka ni moja. Imeandikwa faini 30,000, akikosa, miezi 12. Karani, hiyo barua naipeleka mwenyewe Mahakama Kuu ama naipitishia gerezani?

Karani Mstaafu
Njia zote mbili zinafaa, lakini wewe uko nje, dada. Ipeleke mwenyewe, ugongewe muhuri kwenye nakala yako.