Lori Limepita Kilomita Laki Sita: 15W-40 Ibaki au Tuhamie 20W-50?

Njia Panda Londiani
Wadau, hoja ni hii. Isuzu FRR, injini ya 4HK1, kilomita zimepita 600,000 na haijafunguliwa hata mara moja. Oili inapungua, na moshi wa buluu unaonekana. Imekuwa ikiwekwa 15W-40. Gereji nyingi kuanzia Nakuru hadi Kibuye zinasema injini ikizeeka ipewe 20W-50. Wengine wanasema huo ni uongo mtupu. Leteni hoja.

Spana 17
20W-50, hakuna mjadala hapa. Beringi za krenki zikilika nafasi inapanuka, oili nyepesi inapita tu, na ukisimama kwenye taa geji inalala chini. Weka nzito, presha inarudi na ringi za pistoni zinapata kitu cha kuziba. Hata herufi yenyewe inakuambia: W ni uzito.

Alfajiri Timboroa
W si uzito, fundi. Ni winta, majira ya baridi ya wenzetu. Namba ya kwanza ni tabia ya oili ikiwa baridi, ya pili ni uzito wake ikifika nyuzi 100. SAE 40, yaani ile 40 ya mwisho, inaanzia sentistoki (kizio cha uzito huo) 12.5 hadi 16.3, na SAE 50 inachukua hapo 16.3 hadi 21.9. Tofauti ni kubwa, lakini presha si mtiririko. Pampu ni ileile. Oili nzito inagoma kupita, sindano inapanda, wewe unashangilia. Beringi haipozwi na sindano ya geji, inapozwa na oili inayoipitia.
Tena filta ikiwa imeshiba uchafu na oili ni nzito na baridi, vali ya baipasi inafunguka. Oili inaruka filta na kwenda kwenye beringi bila kuchujwa. Turbo nayo inangoja ikizunguka kavu.

Spana 17
Sawa mwalimu wa herufi. Hebu nifundishe: lori linalozunguka Ahero, Kisumu na Busia linaijua winta ipi? Hiyo 20W inapimwa kuwasha injini kwenye baridi ya kumi na kitu chini ya sifuri. Kisumu tangu iumbwe haijaona hiyo. Ninyi wa milimani mnavaa sweta halafu mnataka na injini zivae.

Alfajiri Timboroa
Ni 15 chini ya sifuri, na hapo hukukosea. Ila Londiani hakusema lori liko Ahero.

Mrenda Moto
Mnabishania uzito wakati tatizo liko upande mwingine wa mtungi. Someni herufi za API, taasisi ya petroli ya Marekani inayopanga madaraja ya oili. S ni ya petroli, C ni ya dizeli. Mitungi mingi ya 20W-50 kwenye maduka yetu ina S peke yake, au S na CF, daraja la zamani la dizeli, kidogo pembeni. Dizeli inazalisha masizi na asidi, na oili ya petroli haina sabuni ya kutosha kuyabeba. Masizi yanagandamana, ringi ya oili inanata kwenye mfereji wake, halafu unasema injini imezeeka. CI-4, iliyotoka 2002, ilitengenezwa kwa ajili ya masizi mengi. 15W-40 ya CI-4 inaishinda 20W-50 ya CF mchana kweupe. Na kama kuna 20W-50 yenye CI-4 kwelikweli, tuzungumze. Lakini kama lori bado lina kichujio cha moshi cha DPF, tafuta CJ-4 au CK-4, kwa sababu jivu la CI-4 litakiziba.
Vinginevyo, oili nzito kwenye injini iliyochoka ni vipodozi tu. Watu wa yadi za Nakuru wanajua: 20W-50 na chupa ya tritimenti (dawa ya kuongeza uzito wa oili), wiki moja kabla mnunuzi hajaja.

Yadi Safi
Hapo umevuka mpaka. Si kila anayeuza lori ni mwizi. Lori linaoshwa, linapigwa rangi, linabadilishwa oili, ni kawaida. Ukitaka lori lisilobadilishwa oili, nenda Japan ukalichukue mwenyewe.

Mrenda Moto
Sikutaja mtu. Aliyelia ndiye aliyefinywa.

Kichujio
Kabla hamjapigana: mmeangalia filta ya hewa? Matanboi wanaipiga kwa kompresa mpaka karatasi inatoboka, vumbi linaingia moja kwa moja na kusaga ringi. Inua filta juani, chungulia kutoka ndani. Ukiona nukta ya mwanga, tupa. Pitisha kidole ndani ya bomba baada ya filta pia. Kikitoka na vumbi, hakuna oili duniani itakayokusaidia.

Yadi Safi
Mrenda, mnunuzi mwenye akili anakuja na fundi wake. Huwezi kudanganya fundi.

Spana 17
Unaweza. Ile tritimenti ni gundi ya polima. Inafunika moshi siku chache, kisha inakatwakatwa na gia na beringi, inarudi nyepesi. Lakini tusitie 20W-50 kwenye kapu hilo. Ni vitu viwili tofauti.

Tingo wa Webuye
Omwami Spana, ukizitia pamoja ndipo kazi inapokamilika, haha. Anayetaka kununua asikie utaratibu. Fika alfajiri bila kutoa taarifa. Weka kiganja kwenye bloku. Ikiwa na joto, aga urudi kesho, imeshawashwa ili moshi wa kwanza uishe. Vuta dipstiki uache tone lianguke. Tritimenti inavutika kama mrenda. Washa, fungua kifuniko cha oili, kigeuze ukilaze juu ya mdomo wake. Kikirushwa kwa mapigo, gesi inapita kwenye ringi. Kikitetemeka tu, endelea.
Kisha legeza bomba la turbo linaloelekea intakula (kipoza hewa). Unyevu wa oili ni kawaida. Dimbwi si kawaida.

Mrenda Moto
Ongeza geji ya mkono. Geji ya dashibodi inaweza kuchezewa. Toa swichi ya presha kwenye bloku, funga geji hapo, endesha mpaka injini iive vizuri. Kanuni ya mafundi ni psi 10 kwa kila mizunguko 1,000 ya dakika. Ikishuka chini ya hapo kwenye silensa (injini ikinguruma bila kukanyagwa), beringi zinaongea.

Yadi Safi
Mteja akifungua swichi za lori la watu kabla ya kulipa, nani atalipa uzi ukiharibika? Mnaongea kama lori ni la mama yenu.

Tingo wa Webuye
Asiyetaka lifunguliwe ana lake jambo. Mficha moshi, mlima wa Timboroa humuumbua.

Alfajiri Timboroa
Na si kila moshi wa huko ni kesi. Canter ya 4D33 haina turbo, ikifika juu hewa imepungua na dizeli ni ileile, kwa hiyo inatoa moshi mweusi. Mweusi si buluu. Msije mkamvunjia mtu bei kwa sababu ya mwinuko.

Yadi Safi
Asante. Angalau mmoja ana haki.

Kibuye Tu
Huku kuna dawa rahisi zaidi kabla ya oili mpya: dizeli lita mbili ndani, silensa dakika kumi, mwaga. Inatoka nyeusi kama lami. Baada ya hapo weka oili yoyote.

Mrenda Moto
Omera, hapana! Dizeli inaondoa utando kwenye beringi ambazo tayari zimelika, na haitoki yote; inabaki kwenye kula (kipoza) ya oili na mifereji. Tope linalobanduka kwa mkupuo linaziba chujio la pampu chini ya sampu. Kumwaga oili kunatosha kukifanywa ikiwa moto, mara tu lori linapoegeshwa. Kisha CI-4 na filta mpya, ikimbizwe kilomita 3,000 tu, mwaga tena na filta nyingine. Sabuni iliyomo inasafisha polepole bila kubomoa.

Kibuye Tu
Polepole ni ya mwenye pesa za ndoo mbili.

Spana 17
Na ndoo yenyewe iwe halali. Feki zimejaa. Tuma namba ya kibali iliyo chini ya alama ya ubora ya KEBS (shirika la viwango) kwenda 20023 uone jina la bidhaa, SM# kwanza kisha namba. Likija jina la unga au sabuni, rudisha.

Njia Panda Londiani
Niliuliza oili, jamani, sinunui wala siuzi.

Alfajiri Timboroa
Pole. Anza kupima kabla ya kubadilisha chochote. Egesha pasipo na mteremko, zima, ngoja dakika 15, jaza mpaka alama ya juu. Baada ya kilomita 1,000 rudia palepale na uhesabu ulichoongeza. Kipimo ninachokiamini ni nusu asilimia ya dizeli. Lori likinywa lita 30 kwa kilomita 100, hiyo ni lita 300 kwa 1,000, kwa hiyo lita moja na nusu ya oili bado inavumilika. Kama oili kwenye dipstiki inapanda badala ya kushuka, acha kila kitu, dizeli inavuja ndani na kuifanya 40 yako kuwa 30.
Halafu tazama buluu inatoka lini. Teremka kwa gia mguu ukiwa umeachia, kisha kanyaga: pumzi moja ya buluu na kuisha ni sili za vali. Hizo hubadilishwa bila kushusha injini. Buluu isiyokatika ukipanda na mzigo ni ringi. Ikija baada ya kukaa silensa muda mrefu, shuku turbo.

Spana 17
Na ikiwa ni ringi, 20W-50 ya CI-4 inakusogeza mpaka upate pesa za kufungua. Hilo nililisema tangu mwanzo.

Mrenda Moto
Hukusema CI-4 tangu mwanzo. Ulisema W ni uzito.

Njia Panda Londiani
Ni pumzi moja kwenye mteremko wa Sachangwan, kisha inaisha. Kwenye mlima ni safi.

Alfajiri Timboroa
Sili za vali. Baki na 15W-40, CI-4. Na chungulia ile filta ya hewa juani, Kichujio alisema mapema na hakuna aliyemjibu.

Yadi Safi
Londiani, hilo FRR ukilichoka, bei tunaweza kuongea.

Tingo wa Webuye
Kaeni chonjo. Kuna ndoo ya 20W-50 inafunguliwa mahali sasa hivi.