MJADALA: Pakacha au kreti? Tuhesabu embe lililofika zima

Assalamu alaikum wana Malindi na nyote mnaosoma.

Juzi barazani palizuka ubishi ambao sitaki uishie palepale. Mwenzetu mmoja alisema kreti za plastiki zipigwe marufuku katika biashara ya maembe, kama mifuko ya plastiki ilivyopigwa marufuku nchini tarehe 28 Agosti 2017, kwa kuwa plastiki ni mafuta ya petroli na petroli ndiyo inayopasha dunia joto. Turudi kwenye pakacha, akasema. Mwingine akamjibu kwamba habari za gesi joto, yaani gesi zinazopasha dunia joto, ni za Ulaya, sisi tuangalie bei. Mimi nafunga maembe tangu ujana wangu, na naona wote wawili wamekosea mahali pamoja: hakuna aliyepima.

Kupima kwenyewe hakuna uchawi. Kifungashio huandamwa tangu kuzaliwa hadi kufa: malighafi, moto wa kiwanda, dizeli ya safari, na mwisho wake jaani. Kila gesi hugeuzwa kuwa uzani wa kaboni dayoksaidi; kilo moja ya methani, kwa kipindi cha miaka 100, huhesabiwa sawa na takriban kilo 28. Kisha jumla hugawanywa. Hapo kwenye kugawanya ndipo ulipo mjadala wangu. Tugawanye kwa idadi ya vifungashio, au kwa kilo ya embe lililomfikia mlaji likiwa zima?

Nasema kwa embe zima, na nawaonyesha kwa nini. Kilo moja ya plastiki mpya huja na takriban kilo 2 za gesi joto. Tuseme kreti ina uzani wa kilo 2: imezaliwa na deni la kilo 4. Ikibeba kilo 20 za maembe safari moja kisha ikatupwa, kila kilo ya embe imetwishwa gramu 200. Kreti hiyohiyo ikienda na kurudi mara 50, mzigo unashuka hadi gramu 4. Plastiki ni ileile, kilichobadilika ni kurudi. Waingereza waliwahi kupima jambo kama hili. Mwaka 2011 idara yao ya mazingira ilitoa hesabu kwamba mfuko wa pamba lazima utumike mara 131 ndipo ulingane, kwa upande wa joto la dunia, na mfuko mwepesi wa plastiki uliotumika mara moja. Hesabu hiyo ni ya gesi peke yake. Haikusema lolote la kumfariji kasa wa Watamu aliyemeza plastiki, na marufuku yetu ya 2017 naiunga mkono kwa moyo wote kwa ajili ya bahari, mitaro na mifugo. Tusichanganye tu vipimo viwili.

Sasa pakacha. Ni makuti ambayo mnazi ungeyaangusha hata hivyo. Kaboni yake ilitoka hewani na hewani itarudi. Deni lake ni karibu na sifuri. Lakini pakacha halipangiki. Ukiyatia mapakacha kwenye kanta, lori la wastani, juu kwa juu, kutoka hapa hadi Nairobi kupitia Mombasa, karibu kilomita 600, maembe ya chini yanakuwa uji. Wahenga walisema kuvuja kwa pakacha ni nafuu kwa mchukuzi. Mchukuzi wa leo ni lori, na kila lita ya dizeli iliyoungua imeshatoa takriban kilo 2.7 za kaboni dayoksaidi kwa ajili ya embe litakalomwagwa. Msimu mmoja nilipeleka maembe ya aina ya ngowe kwa broka ndani ya magunia. Robo nzima ilitupwa kwenye jaa refu lisilopitisha hewa, na jaa la namna hiyo ndilo linalopika methani. Nililipwa kwa yaliyobaki.

Kuna wanaosema ufungashaji ni jambo dogo tusihangaike nalo. Wana hoja: utafiti uliochapishwa mwaka 2021 ulikadiria kuwa ni asilimia 5.4 ya gesi zote za mfumo wa chakula duniani. Ila huo ni wastani, na ndani yake wamo ng'ombe wanaocheua methani na mashamba ya mpunga. Mwembe uliopandwa na babu zetu Magarini hauli mbolea ya dukani wala haunyweshwi kwa pampu. Kwa embe la namna hiyo, shamba halina deni kubwa, kwa hiyo sehemu ya kifungashio na safari inakuwa kubwa kuliko huo wastani. Tena umeme wa Kenya kwa sehemu kubwa hutokana na mvuke wa ardhini, maji na upepo. Kreti iliyotengenezwa hapa haifai kuhesabiwa kwa jedwali la nchi inayochoma makaa ya mawe. Ndiyo maana nataka kipimo cha hapahapa.

Karibuni.

Jibu kutoka Marafa

Kaka, hesabu yako nimeifuata, lakini imesimama juu ya neno moja: kurudi. Kreti hazirudi. Anayekuja kuzichukua wakati wa kaskazi simuoni tena mpaka msimu mwingine, na ukienda sokoni unazikuta zimegeuzwa viti. Mimi na wanangu twasuka pakacha kumi asubuhi moja bila kutoa shilingi. Hicho kipimo nacho, akija mtu na daftari lake, mwisho atakayelipishwa ni mimi mwenye miembe sita.

Jibu langu

Shikamoo mama. Umenigusa penye kidonda, na narekebisha maneno yangu. Kreti isiyorudi ni mbaya kuliko pakacha, kwa gesi na kwa mfuko wako. Basi kutoka Marafa hadi Malindi pakacha libaki. Safari ni fupi na mzigo haurundikwi sana. Kuanzia Malindi kwenda mbele iwe kreti yenye amana, kama tulivyozoea chupa ya soda: hurudishi, pesa yako imekwenda. Maembe yakiisha, kreti hizo zibebe nyanya na machungwa, zisilale.

Gharama ya kupima usibebe wewe. Sheria ya mwaka 2022 ya usimamizi endelevu wa taka imeshaweka msingi kwamba mzalishaji wa bidhaa anawajibika na takataka yake. Kwa msingi huohuo, anayetengeneza kreti na mnunuzi mkubwa anayetaka namba za kaboni ndio walipie. Kwako wewe iulizwe idadi ya mapakacha uliyotoa na yaliyopokelewa, basi. Nisilolikubali ni pakacha kwenda Nairobi. Hapo bado nashikilia.

Wenye kanta na wenye vibanda, nasubiri namba zenu: kati ya kreti kumi mlizotoa msimu uliopita, zilirudi ngapi? Na katika kila kreti, mliokota maembe mangapi mabovu?