Sheria na Jamii Marekani, au LLB (shahada ya sheria) hapa Malimbe, Mwanza? Naomba ushauri

Binti Igombe
Habari za jioni wakuu. Nimemaliza kidato cha sita, HGL (Historia, Jiografia na Kiingereza). Nimepata chuo Marekani kusoma shahada ya Sheria na Jamii, ada wanalipa wao. Pia nina nafasi ya LLB hapa SAUT, Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino, miaka minne. Baba anavua dagaa, na tangu wavu wake uchomwe moto kwa kuwa na macho madogo anasema nyumba hii inahitaji wakili. Mimi kinachoninyima usingizi ni kingine: baba anaijua sheria ya macho ya nyavu kuliko mimi. Kwa nini aliununua ule wavu?

Mkazi wa Butimba
Chukua LLB. Bila LLB huingii Shule ya Sheria Dar, na bila kupita pale huapishwi kuwa wakili. Wamarekani wenyewe sheria wanaisoma baadaye, miaka mitatu juu ya shahada ya kwanza. Hiyo mitatu nani atalipa?

Dada wa Nansio
Mdogo wangu, kuhusu uwakili mkuu kasema kweli. Ila kozi hiyo si LLB ya mkato. Mwanasheria anauliza sheria inasemaje; hawa wa Sheria na Jamii wanauliza ikishafika mwaloni, pale mitumbwi inapotia nanga, inafanya nini, nani anaitii, nani anaikwepa. Ndiyo maana wanachanganya sosholojia, historia, siasa na falsafa.

Mimi ni msaidizi wa kisheria hapa Ukerewe. Mwaka 1990, Mahakama Kuu hapo hapo Mwanza, Jaji Mwalusanya aliamua kesi ya Holaria Pastory, mama wa Kihaya aliyeuza shamba alilorithi kwa baba yake. Bernardo Ephrahim wa ukoo wake alitaka lirudi, kwamba kimila mwanamke hauzi ardhi ya ukoo. Jaji akasema mila hiyo inavunja Katiba. Nakala ya hukumu ninayo, imeshachanika kwenye mikunjo.

Mwezi uliopita alinijia mama na wosia wa baba yake ndani ya mfuko wa nailoni unaonuka dagaa. Kaka zake wamepanda mihogo kwenye robo eka yake. Nikamsomea hukumu yote, pole pole. Alipomaliza kusikiliza akaukunja wosia wake, akaniuliza, "Nikiwashinda, nani atanichimbia kaburi?"

Tulikwenda baraza la kata, ambalo tangu 2021 linasuluhisha tu, haliamui. Kaka mkubwa hakutokea. Mihogo ipo, imeshafika magotini.

Mafunzo yangu yote hayakunipa jibu la yule mama. Hilo swali lako la wavu ni ndugu wa swali lake, na ndilo linalosomwa huko. Ningekuwa wewe ningekwenda, ilimradi ada imelipwa kweli: omba barua inayotaja malazi na chakula pia. Lakini baba umwambie wazi, kabla ya kupanda ndege, kwamba hutarudi wakili. Asije akalijua hilo siku unashuka.

Mkazi wa Butimba
Hapo kwenye malazi kaza, usione aibu kuuliza.

Binti Igombe
Asanteni sana. Barua inataja ada tu, kesho nawaandikia. Baba yuko ziwani, atapumzika mbalamwezi ikianza. Nitamwambia hapo. Na habari ya wavu nitamuuliza mwenyewe, maana sijawahi.